Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha wazazi wa watoto wenye changamoto za ukuaji, hapa Mbagala. Shughuli za kawaida mnazifahamu: mafunzo ya lishe yalifanyika, watoto walipelekwa kliniki, viti vya pembe, vya kumsaidia mtoto kukaa wima, vilitengenezwa na fundi wetu wa Rangi Tatu, na wanachama wapya walipokelewa hadi tukafikia 40. Sitazirudia, kwa sababu liko jambo lililozungumzwa mno pembeni ambalo ninapaswa kulitolea maelezo kwa maandishi.

Jambo hilo ni uamuzi wa kamati wa mwezi Julai wa kurudisha chumba tulichopanga kwa ajili ya mazoezi, na badala yake kuwapeleka wataalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) na tiba kwa vitendo (kumzoesha mtoto shughuli za kila siku) nyumbani kwa kila mtoto kila baada ya wiki mbili, kwa sharti kwamba pamoja na mama awepo ndugu mwingine anayekaa na mtoto. Imesemwa kuwa uamuzi ulifanywa kwa siri. Si kweli. Mkutano mkuu uliitishwa Aprili na tena Mei, mara zote mbili akidi haikutimia, na ndipo kamati ikatumia mamlaka iliyopewa na katiba. Inanihuzunisha kwamba wengi wanaolalamika leo hawakufika Aprili wala Mei, wala hawakutuma udhuru.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani athari ya ubongo inayovuruga mwendo na mkao wa mwili, aliyeletwa pale chumbani alipata nusu saa ya mazoezi kwa wiki, tena akiwa amechoka na analia baada ya kubanana kwenye daladala kutoka Chamazi au Kongowe. Muda wote uliobaki yuko nyumbani, ambako analishwa, anaogeshwa, anavalishwa na kubebwa. Mama alifundishwa kumkalisha wima na kuinamisha kidevu chake kidogo ili asipaliwe, lakini bibi anayeshinda naye aliendelea kumlisha akiwa amelala chali, kwa kuwa hakuna aliyemweleza. Kumvalisha kwa kuanza na mkono uliokakamaa, kuweka khanga iliyokunjwa katikati ya mapaja ili miguu isipishane, kumbeba miguu ikiwa imeachana: hayo hayahitaji chumba cha kupanga, bali yanahitaji kila mtu wa nyumba ile ayajue. Tena bibi anapoelezwa na mtaalamu mwenyewe kwamba mtoto alikosa hewa alipozaliwa, au kwamba manjano kali ilidhuru ubongo wake, maneno ya laana na kulogwa anayorushiwa mama hupungua. Nimeliona hili katika nyumba nilizozitembelea mimi mwenyewe kwa nauli yangu.

Sharti la ndugu wa pili halikuwekwa ili kumwadhibu mama anayelea peke yake. Shangazi anahesabika, kaka mkubwa anahesabika, hata jirani anayemwangalia mtoto wakati mama yuko sokoni anahesabika. Linalonisikitisha ni kina baba wanaoishi nyumba hiyo hiyo na ambao siku ya mtaalamu hutoka mapema.

Wala uamuzi huu si ubunifu wa mwenyekiti. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kutambua mahitaji ya mtoto na kuyajibu, kuwa mojawapo ya maeneo yake matano, sambamba na afya bora, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Na malezi ya namna hiyo hutolewa na familia.

Ninakubali uzito wa hoja ya kina mama waliosema kwamba chumba kile kilikuwa mahali pao pa kukutana na kufarijiana. Ndiyo maana niliomba, na nikapewa, nafasi katika ofisi ya serikali ya mtaa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Waliofika hawajawahi kuzidi wanane.

Kuhusu fedha, ada ya shilingi 6,000 kwa mwezi ingetupatia shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Zilizokusanywa ni 1,380,000. Waliolipa kikamilifu ni 14, na wahisani walichangia 1,250,000. Kodi ya chumba ilikuwa 150,000 kwa mwezi, nauli za wataalamu tangu Julai zimegharimu 640,000. Wanaotaka chumba kirudishwe wanijibu kitalipwa kwa fedha ipi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza mtaalamu wa matamshi na ulishaji, na kuzungumza na halmashauri kuhusu usafiri wa watoto wanaokwenda kliniki. Wenye madeni ya ada wamwone mweka hazina kabla ya mkutano mkuu wa Februari, ambao utapiga kura kuhusu suala la chumba iwapo akidi itatimia.

Mwenyekiti