Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Ugomvi wa Lita Nne

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutengeneza makasha ya spika,

Hamjambo nyote, mlio hapa Kisumu na wale wenzetu wawili waliohamia Nakuru, ambao wanaleta mchango kwa wakati kuliko sisi tunaokaa hatua chache kutoka kwa mweka hazina. Tulianza mwaka tukiwa 19, tumeumaliza tukiwa 23. Karibuni wageni. Mtazoea vumbi la mbao.

Niseme ya pesa kwanza, maana najua ndizo mnazongoja. Tuliingiza shilingi 46,300, tukatumia 41,850, zimebaki 4,450. Msumeno wa umeme wa mtumba ulichukua 9,500, mita mbili za kupimia umeme 3,000, mzani wa jikoni wa kidijitali 1,200, na gundi, skrubu na chai 950. Bodi nne za MDF za milimita 18 zilikula 15,200 na wufa (spika za besi) nane mpya zikala 12,000. Risiti zote zimebandikwa daftarini. Mwenye shaka apitie kwa mweka hazina, ila asiende saa ya chakula.

Hasara ya mwaka iko kwenye hivyo viwili vya mwisho.

Bodi ni kosa langu. Zililetwa mwishoni mwa Machi, nikaziegemeza ukutani barazani kwangu na chini nikatandika gunia. Masika yalipoingia, upepo wa ziwani ukawa unarusha mvua hadi mlangoni. MDF ni unga wa mbao ulioshikwa na gundi. Ikinywa maji huumuka kama mkate, na hata ukiianika juani hairudi ilivyokuwa. Niliweka rula kwenye pembe ya chini nikasoma milimita 25. Mbili zimekufa kabisa. Moja nimeilipa na fidia yake imo kwenye mapato niliyoyataja. Ya pili naiombea msamaha wa mkutano. Tangu siku hiyo bodi zinalazwa ndani, juu ya matofali, na kila ukingo uliokatwa unapakwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kabla ya rangi. Fundi seremala wetu amekuwa akisema turudi kwenye plaiwudi, kwamba ni nyepesi na inashika skrubu vizuri zaidi. Nilimbishia miaka miwili. Kwa hewa ya hapa kando ya ziwa, nakubali sasa.

Wufa nazo zilikuwa na kibandiko cha wati 600 na sumaku nene nyuma iliyovishwa mpira mweusi. Zilikuwa nzuri kutazama. Katibu alipouvua ule mpira kwa bisibisi, ndani tulikuta sumaku nyembamba kama chapati mbili zilizopandana, na pete ya plastiki imejaza nafasi iliyobaki. Muuzaji alikataa kuzipokea akisema tumeshazifungua, na hapo tulikosa la kumjibu. Hata kibandiko kingesema kweli, wati zinakueleza ni joto kiasi gani koili, ule waya uliosokotwa ndani ya wufa, itavumilia kabla ya kuungua. Hazikuelezi besi, wala hazikuelezi sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Nane hizo sasa ni za mafunzo. Wanachama wapya wamejifunzia kulehemu juu yake na hakuna aliyezisikitikia.

Baada ya tukio hilo ndipo mkutano wa Juni ulipokubali kununua mita, na mita ndizo zilizotuletea ugomvi ambao wengi wenu mliusikia nusunusu. Nauandika wote hapa ili uishe.

Mwenzetu mmoja alitoka soko la Kibuye Jumapili na wufa ya inchi 8 iliyong'olewa kwenye redio kubwa ya zamani. Ukingo wake wa sponji ulikuwa umeoza, ukigusa unabaki kidoleni kama lami. Akautoa, akapachika ukingo wa mpira, akaacha gundi ikauke siku mbili. Wufa ya namna hiyo haina karatasi ya maelezo, kwa hiyo lazima uipime mwenyewe. Kwa walioingia juzi: mhandisi wa Australia, Neville Thiele, mwaka 1961, na baada yake Richard Small, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walionyesha kwamba namba chache zatosha kukuambia wufa inataka boksi la ukubwa gani. Ya kwanza ni Fs, mlio ambao koni, ile sehemu ya mbele inayosukuma hewa, hupenda kutikisika yenyewe. Nyingine ni Qts, inayoonyesha inavyotulia ikishatikiswa. Ya tatu, Vas, ndiyo iliyotugombanisha. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi, na Vas ni lita za hewa ambazo ugumu wake unalingana na ugumu wa mashikio ya koni.

Tulikaa barazani kwake jioni. Wufa ilining'inizwa kwa kamba kwenye boriti ili isiguse kitu. Simu ikawa inatoa mlio mmoja mmoja kupitia amplifaya, kwenye waya tumeweka rezista ya omu 1,000, na mita imeshikwa kwenye miguu ya wufa. Hz (mitikisiko kwa sekunde) 38, 39, 40, namba kwenye mita inapanda. Ikafika 42, ikasimama, kisha ikaanza kushuka. Hiyo ndiyo Fs. Hatua inayofuata ni kuibebesha koni mzigo unaoujua na kuona mlio umeshuka kiasi gani. Mama mwenye nyumba alikuwa anakanda unga wa chapati, akatukatia donge. Tukalipima kwenye mzani gramu 20, tukaligawa vipande vinne, tukavibandika kuzunguka kifuniko cha katikati. Mlio ukashuka hadi 33. Kwa hesabu, uzito wa koni na koili ni kama gramu 32, na Vas, kwa fomula tuliyoizoea, ikatoka lita 29.

Mwenzetu wa mtaa wa Mamboleo hakuuamini unga. Yeye alitengeneza boksi la lita 20, akaliziba kila upande, akafunga wufa ileile na kupima tena. Ile 42 ikawa 63. Gawanya 63 kwa 42, zidisha jibu kwa lenyewe, toa moja, zidisha kwa 20. Unapata lita 25.

Ishirini na tisa, ishirini na tano. Wiki tatu nzima hawa wawili hawakuelewana. Wa kwanza alidai boksi linavuja. Wa pili akadai unga ulikauka ukipimwa ukapungua uzito, na kwamba chapati si kifaa cha maabara. Boksi likapakwa nta ya mshumaa kwenye maungio yote. Donge jipya likapimwa kabla na baada. Majibu yakarudi yaleyale. Kuna waliotaka tuchukue 27 yaishe, na nakiri mwenyekiti wenu alikuwa mmoja wao.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kimya muda wote huo akisahihisha mitihani. Siku aliyofika aliuliza swali moja tu: "Hiyo fomula imeandikwa kwa hewa ya wapi?"

Imeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Sisi tunauita mji wetu bandari, tuna meli na tuna samaki, tukasahau kwamba maji yetu yako kama mita 1,130 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani, na ugumu wa springi ya hewa unafuata mgandamizo huo. Chukua 29, zidisha kwa 0.87. Inatoka 25 na pointi. Wote wawili walikuwa wamepima sawasawa. Aliyetumia unga alipima koni na kuiachia fomula hewa ya Mombasa. Aliyetumia boksi aliipima hewa ya Kisumu bila kujua.

Kwa wufa hiyo, Qts ikiwa 0.45, boksi lililozibwa lenye mlingano tunaoupenda wa 0.707 (namba kama Qts, ila ya wufa ikishafungwa boksini) lingehitaji kama lita 20 pwani. Hapa ni 17 na nusu. Wenzetu wa Nakuru, mlio juu zaidi, hewa yenu ni kama asilimia 80, kwa hiyo jengeni la 16 na mwokoe mbao. Mkiweka bomba la besi, hesabu ya bomba lenyewe msiiguse: mlio wa bomba unategemea mwendo wa sauti, na mwendo huo hubadilika kwa joto, haujali mgandamizo.

Je, sikio linasikia tofauti? Hapana. Boksi la lita 20 hapa Kisumu linatoa 0.68 badala ya 0.71. Nilikaa mbele ya yote mawili, nikafumba macho, nikaambulia patupu. Hata hivyo ningekuwa na uwezo wa kutoa zawadi mwaka huu ningewapa hawa wagomvi wawili. Kwa wiki tatu hakuna aliyesema "mimi nina masikio yangu", usemi ambao umewahi kukimaliza kila kikao chetu.

Siku ya kusikiliza tuliifanya Desemba, na kisingizio kizuri tulikuwa nacho: ni miaka 100 tangu Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walipochapisha kazi yao juu ya spika ya koili inayotembea kwenye sumaku, mwaka 1925. Wufa ya Kibuye inafanya kazi kwa njia ileile. Makasha sita yaliwekwa nyuma ya leso zilizotundikwa kambani ili mtu asipige kura kwa kutazama rangi. Tulianza na muziki wa benga, kwa sababu gitaa la besi la benga halisimami mahali pamoja. Linakimbia, na boksi lenye mlio mmoja mnene linaumbuka mapema. Makasha mawili yaliumbuka. Sitayataja, wenyewe walisikia.

Kisha mjomba wa mwanachama mmoja akaketi na nyatiti yake. Tulimrekodi kwa simu, tukarudisha sauti yake kupitia kila kasha naye akiwa palepale, akipiga tena kipande kilekile. Nyuzi nane zilitoka vizuri karibu kote. Kilichotenganisha makasha ni ile pete ya chuma kidoleni mwa mguu wake, inavyogonga ukingo wa chombo: tok, tok, kavu, mara moja na kunyamaza. Kwenye makasha mengi ilitoka kama mtu anabisha mlango wa jirani. Kwenye boksi la Mamboleo la lita 20, lililotengenezwa kwa ajili ya ubishi tu na halijapakwa hata rangi, mzee aliacha kupiga akageuka kutazama mguu wake. Kura hazikuhitajika.

Majirani. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009 na zinatuhusu kama zinavyohusu baa. Malalamiko mawili tuliyopata mwaka huu hayakutokana na muziki. Yalitokana na upimaji wa usiku, pale mlio mmoja unapopandishwa polepole kutoka Hz 20. Besi ya namna hiyo haisikiki vizuri ukiwa karibu, lakini hutafuta kila bati lililolegea mtaani. Jirani mmoja alihesabu vikombe vyake vikitembea kabatini. Tumeomba radhi kwa sukari na majani ya chai, na kuanzia sasa upimaji ni kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mwaka ujao napendekeza tuache wufa kidogo, tushughulikie krosova (kigawanyi cha sauti kati ya spika) na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), maana hapo ndipo makasha yetu mengi yanapowasha masikio. Koili za krosova tutazisokota wenyewe. Bodi ya kununua ni plaiwudi, na isiletwe kwangu. Uchaguzi wa viongozi ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane mchana, palepale tunapokutana siku zote. Nafasi ya katibu iko wazi kwa sababu katibu amepata kazi ya zamu.

Jambo la mwisho ni mzani. Haujulikani uko kwa nani tangu siku ya donge la pili. Aliye nao aurudishe, na kabla ya kuurudisha aukwangue unga uliokauka chini ya sahani, maana kwa sasa ukiwa mtupu unasoma gramu tatu.

Wenu,
Mwenyekiti