Barua toka mwisho wa reli: akili ikikwama kwenye ngumi

Kibirizi, Kigoma

Kaka yangu wa Tabora,

Mwakeye? Habari za hapo Ipuli, shemeji na watoto hawajambo? Huku mwisho wa reli tupo salama, mwezi umeanza kung'aa kwa hiyo maboti ya dagaa yamepumzika na mi ndo nimepata usiku wa kukaa nikuandikie, maana ile voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara tatu na sikutaka nikujibu kwa meseji ya mistari miwili kama mtu anayekimbizwa.

Umesema umeamua kuwa jiwe. Bro mkubwa auze kile kiwanja cha marehemu mzee asiuze, wewe humsalimii, simu zake hupokei, umetulia zako, na ukasema si ndo tulichofundishwa kwenye mazoezi ya karate, utulivu. Hapo kaka nilishtuka, maana mi pia nilikuwa naelewa hivohivo mpaka dagaa wangu waliponyeshewa.

Ngoja nikwambie ilivyokuwa. Desemba nilianika mzigo mkubwa pale mwaloni, kuna mteja wa mbali alikuwa anadaiwa tangu Septemba na siku hiyo akanitumia meseji ya dharau, nikasimama pembeni namjibu, ananijibu, namjibu, damu inachemka, na wakati huo wingu linashuka toka upande wa Kongo jeusi tii, akina mama wanapiga kelele anueni anueni, wananiita jina kabisa, na mi sisikii. Sio kwamba nilipuuza, sikusikia kweli. Nilipoinua kichwa mvua ilikuwa imeshafika, wenzangu wote wameshafunika maturubai. Gunia tatu zilioza, na deni lenyewe nililokuwa nagombania halikufika thamani ya hizo gunia.

Jioni yake nikaenda dojo, pale tunapofanyia mazoezi, na hasira zangu zote. Sensei, mwalimu wetu, akaniweka kwenye kumite, yaani pambano la mazoezi, na kijana mdogo wa mkanda wa kijani, akawa ananipiga tu, kila mara naona ngumi ya kushoto inakuja, naiangalia, kumbe ya kulia imeshanifikia mbavuni. Sensei akasimamisha akasema wewe unaitazama ngumi, ndo maana unapigwa. Mtazame mtu kama unavyotazama milima ya Kongo asubuhi hali ya hewa ikiwa nzuri, unaiona yote kwa pamoja, huchagui mti mmoja. Baadae akaniambia hilo ni fundisho la zamani la Wajapani, kumtazama mpinzani kama mlima wa mbali, sema mlima wetu sisi uko ng'ambo ya ziwa.

Toka hapo nikaanza kufuatilia mambo haya kwa umakini. 2024 walipolifunga ziwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, nilikuwa sina kazi kwa hiyo nilisoma sana kwenye simu, lakini nilisoma kama habari tu, safari hii nikarudia nikiwa nimeshaumia. Kuna mtawa wa Zen, tawi la Ubudha huko Japani, anaitwa Takuan Soho, kazaliwa 1573 kafariki 1645, aliandika barua kwa Yagyu Munenori, yule aliyekuwa mwalimu wa upanga wa mashogun wa ukoo wa Tokugawa, watawala wa kijeshi wa Japani. Yaani barua ya mtu kwa rafiki yake, kama hii. Anamwambia ukiona upanga unakuja na akili yako ikasimama kwenye ule upanga, umekwisha, unakatwa. Ikisimama kwa adui, adui anaichukua. Hata ikisimama kwenye upanga wako mwenyewe au kwenye nia ya kutokukatwa, bado umenaswa.

Nilivyosoma hapo nikaona simu yangu mkononi na wingu juu ya kichwa.

Sasa sikiliza hii ndo inakuhusu. Wabudha wa Japani wana sanamu ya Fudo, maana yake asiyetikisika, kashika upanga na kamba, kauma meno, miali ya moto mgongoni. Sote tungemwona tungesema huyo ndo jiwe. Takuan anasema hapana. Kutotikisika sio kuwa kama jiwe au mti usio na uhai, akili isiyotikisika ni ile inayokwenda mbele, nyuma, kushoto, kulia, popote, ila haigandi mahali pamoja. Anatoa mfano wa Kannon, yule wa huruma kwa Wabudha, mwenye mikono elfu moja, akili yake ikikwama kwenye mkono ulioshika upinde ile 999 iliyobaki haina kazi tena. Mi nikimfikiria Kannon namwona yule mama jirani yangu pale mwaloni, anageuza dagaa, anamfukuza kunguru, anamtajia mteja bei, anamkemea mtoto asisogee majini, na wingu kaliona kabla ya wote.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabanana kwenye banda la video Mwanga kuwaangalia watawa wa Shaolin? Lile hekalu lipo kweli, Henan huko China, lilianzishwa mwaka 495, na hadithi yao inasema Bodhidharma, mtawa anayesemekana kupeleka Zen China, alikaa miaka 9 ameutazama ukuta tu. Sisi tulichukua mateke ukuta tukauacha.

Mama aliniuliza siku moja kama nimebadili dini, maana aliniona nimekaa kimya alfajiri baada ya swala. Nikamwambia hapana mama, Ijumaa bado niko msikitini Ujiji kama kawaida, na kule kuinama tunakofanya dojo ni kama shikamoo kwa aliyekutangulia. Akaelewa, na mi naona hakuna ugomvi hapo, mtu anaweza kukufundisha namna ya kushika akili yako bila kukuhamisha kwa Mola wako. Najua na wewe lilikuwa linakusumbua ndo maana nimelitaja.

Kingine kilichonisaidia nyumbani ni ile zanshin, kwamba ukishapiga usilegee, usigeuze mgongo, baki pale na akili yako yote mpaka jambo liishe kweli. Mi nilikuwa nikigombana na mke wangu nasema langu natoka nje naenda kijiweni, najiona nimeepusha shari. Siku hizi nakaa. Nikishasema nabaki palepale nasikiliza na lile linalofuata, na mara nyingi linalofuata ndo lenyewe, lile la kwanza ilikuwa ni chumvi imeisha au ada haijalipwa. Ni kazi ngumu kaka kuliko push-up mia.

Ndo maana nakwambia ukweli, unavyomfanyia bro sio utulivu. Umeshindwa kulala, umesema mwenyewe, fundi wako kakuuliza kitu gereji ukamfokea, mwanao kakuletea daftari hukuliona. Akili yako imesimama kwenye kiwanja. Huyo Takuan mwenyewe serikali ya shogun ilimfukuza 1629 ikampeleka mbali kaskazini kwa sababu alipinga amri zao kuhusu mahekalu, alikaa huko mpaka 1632, na baadae shogun Iemitsu akawa anamwita kumuuliza mambo na akamjengea hekalu. Hakuacha kuamini alichokiamini, lakini pia hakukataa kuongea na watu waliomfukuza. Mi nikilifikiria hilo ndo nakuona wewe na bro wako.

Sisemi umwachie haki yako. Kama karatasi zipo peleka baraza la kata, simamia, usirudi nyuma hata hatua moja. Lakini mpigie simu. Msalimie kama kaka yako, muulize mguu wake unaendeleaje, halafu la kiwanja mwambie vilevile kwa sauti ileile ya salamu. Nimeshakuona kwenye kumite, ulikuwa unapigana vizuri zaidi na watu uliowapenda.

Dagaa nimekuwekea sado mbili, wale wadogo waliokauka vizuri bila mchanga, kuna jamaa anapanda treni wiki hii nitampa. Sado moja mpelekee bro, mwambie zimetoka kwangu.

Ni mimi ndugu yako wa Kibirizi.