Ngala alipewa bunge, hakupewa fungu

Ndugu Mhariri,

Vijana wetu wa Tanga, hata wenye shangazi zao Lunga Lunga, wanamjua Ronald Ngala kama jina la barabara tu huko Kenya. Naomba nafasi nimseme, maana yaliyomkuta yanatuhusu.

Alikuwa mwalimu, Mgiriama wa Pwani ya Kenya aliyesoma Makerere, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Akiongoza chama cha KADU alidai majimbo: Pwani iamue mambo ya Pwani. Katiba ya 1963 ikampa alichodai, mikoa saba yenye mabunge yake, naye akawa rais wa bunge la Pwani. Ila mfuko ulibaki Nairobi. Serikali ya KANU, chama cha Jomo Kenyatta, ikabana mafungu ya fedha, na bunge lisilo na fungu halichimbi hata kisima. Novemba 1964 Ngala akaivunja KADU, akahamia KANU. Wapo wanaomwita msaliti hadi leo. Mimi siwezi kumwita hivyo. Mtu huchoka kuomba.

Alifariki Desemba 1972 baada ya ajali ya gari. Mwaka huohuo sisi Watanzania tulizivunja halmashauri zetu kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982. Leo Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Madaraka hayo nayatafuta huku Ngamiani. Mbele ya nyumba yangu kuna mtaro ulioziba tangu masika. Maji meusi yanafika kizingitini, na mama wa vitumbua jirani amehamisha jiko lake mara mbili. Nilikokwenda kulalamika nilijibiwa nisubiri bajeti. Jioni hiyohiyo nikanunua umeme, nikakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla. Zamani kodi hii ilikusanywa na halmashauri yenyewe. Mtu alijua pa kuidai.

Sidai majimbo ya kufukuzana. Mji huu ulijengwa na manamba wa mkonge waliotoka kila upande, na wajukuu wao ndio sisi. Nadai fungu. Wakenya, katika Katiba ya 2010, wameandika kwamba kaunti zao 47 zipate kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kiwango kimeandikwa, gavana hakipigii magoti.

Wabunge wa mkoa wetu wadai kodi ya majengo irudi yote halmashauri, na kila mtaa ubandikiwe ukutani kiasi kilichotoka kwake na kilichorudi.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga