Ushindi 28 na bado tukaachwa

Terre Haute, Indiana
Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, na baridi imetuachia. Mwambie Mama ubuyu ulifika, ila wenzangu waliushambulia kabla sijafungua mfuko vizuri.

Uliniuliza kwa nini tangu Machi nanung'unika na mpira wa kikapu, simu ikakatika. Ni hivi. Timu ya chuo cha mji huu, Indiana State, ni ile ya Larry Bird, gwiji wa mpira wa kikapu, iliyofika fainali ya taifa mwaka 1979. Msimu huu ilikuwa na Robbie Avila, jitu refu linalocheza na miwani mikubwa na kugawa pasi kama kiungo mchezeshaji. Mpaka katikati ya Machi ilikuwa imeshinda mechi 28, imefungwa 6.

Mashindano ya taifa msimu huu yalichukua timu 68. Vyuo vilikuwa kwenye makundi 32 wanayoyaita konferensi, na bingwa wa kila konferensi aliingia moja kwa moja. Nafasi 36 zilizobaki zilitolewa na kamati. Fainali ya konferensi yetu, Missouri Valley, kule St. Louis, chuo cha Drake wakatufunga 84 kwa 80. Ikabidi tuisubiri kamati.

Jumapili ya Machi 17 tulijazana chumbani kwa jirani. Majina yakasomwa mpaka la mwisho, letu halimo. Mwenzetu mmoja alibaki na bakuli la bisi mapajani, hajala hata punje.

Wewe mwana-Simba utaelewa. Tanzania inapeleka klabu 4 CAF kwa pointi ambazo Simba na wenzake wamezikusanya miaka 5. Nguvu ya walioko ligini inawabeba na wengine. Huku kamati inauliza umemfunga nani, na wapi. Kumfunga ugenini aliye ndani ya timu 75 bora nchini ni ushindi wa daraja la kwanza. Nyumbani kwako, lazima awe ndani ya 30. Walio kwenye konferensi kubwa wanakutana na watu hao karibu kila wiki. Wakifungwa hawadaiwi sana, wakishinda inaandikwa. Sisi wa Missouri Valley tukishinda tunaulizwa, "Kwani mmemfunga nani?" Tukifungwa na mdogo mwenzetu, ni doa. Na ukiwaomba wakubwa waje kucheza hapa Terre Haute, hawaji. Waje kutafuta nini? Hapo ndipo roho inaponiuma, Baba: unanyimwa mtihani, halafu unaambiwa huna cheti.

Halafu chuo cha NC State, waliokuwa wa 10 kwenye konferensi yao na wamefungwa mara 14, wakashinda mechi 5 ndani ya siku 5, wakawa mabingwa wa konferensi hiyo. Wakaingia moja kwa moja, na wakubwa waliotarajiwa kuwa mabingwa wakapitia kwa kamati; nafasi moja ikaliwa hapo. Hao siwasemi vibaya, maana walikwenda mpaka nusu fainali ya taifa.

Sisi tukapelekwa NIT, kombe la walioachwa. Tukafika fainali kule Indianapolis, chuo cha Seton Hall wakatutoa machozi, 79 kwa 77. Nao wanatoka Big East, konferensi ya wakubwa, na waliachwa vilevile. Kwa hiyo ukubwa si hirizi.

Sasa kocha wetu Josh Schertz amehamia chuo cha Saint Louis, mji uleule tulikofungwa na Drake, kwenye konferensi iliyotuzidi kidogo. Avila amemfuata.

Jezi niliyomwahidi mdogo wangu niliinunua kabla hawajaondoka. Naituma hivyohivyo, asiniulize.

Mwanao.