Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wachungaji na Mashemasi wa Makanisa ya Kibaptisti, Mtwara na Lindi

Bwana Yesu asifiwe.

Wapendwa wachungaji, mama wachungaji, mashemasi na wajumbe wote. Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina, nakala mnazo, kwa hiyo sitazigusa. Taarifa yangu inahusu jambo lililokula vikao vingi vya kamati mwaka huu: mchungaji aliyetumika muda mrefu atastaafu na nini?

Swali hili ni gumu kwetu kuliko kwa majirani zetu. Waanglikana wa Masasi, ambao kazi yao ilianza 1876, wana dayosisi. Wabenediktini wa Ndanda, waliofika 1906, wana abasia. Mzee wao akichoka, anajua mlango wa kubisha. Sisi hatuna askofu wala hazina kuu ya mishahara. Tangu John Smyth na wenzake walipoanzisha kanisa lao Amsterdam mwaka 1609, Wabaptisti tumeshikilia kwamba washirika waliokusanyika ndio wenye kanisa. Wao humwita mchungaji, wao humpangia posho, na wao humpumzisha. Hayo tunayahubiri vizuri sana. Kwamba aliyemwita mtu ndiye wa kumtunza, hapo huwa tunapita mbio.

Mambo huharibika hivi. Sadaka za huku ni za msimu. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba na fedha za wakulima zikaingia benki kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, zaka hupanda mpaka Januari. Kuanzia Machi kapu huwa jepesi. Mtunza hazina anayemlipa mchungaji kwa kilichopatikana Jumapili ile husimamisha mchango wa mchungaji kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi ya ukata, akiahidi kufidia msimu ujao. Lakini mfuko hauhesabu miaka ya kusimama mimbarani, unahesabu michango. Pensheni ya uzee inadai michango ya miezi isiyopungua 180. Mchungaji aliyehudumu miaka 25, akichangiwa miezi 6 tu kila mwaka, ana michango 150. Ametumika robo karne na pensheni ya kila mwezi haipati.

Kamati inashauri mchango wa mwaka mzima utengwe Desemba, fedha ikiwapo. Kwa posho ya shilingi 200,000, mchango wa asilimia 20 ni 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ikae kwenye akaunti yenye watia saini watatu, ipelekwe mwezi kwa mwezi, na risiti zisomwe kwenye mkutano wa washirika kama zinavyosomwa sadaka. Barua ya wito itaje posho, nani anachangia asilimia ngapi, nyumba ni ya nani na mwaka wa kustaafu. Itaje pia likizo ya siku 28. Wengine wataona likizo ni mambo ya ofisini. Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti aliyechunga kanisa moja London tangu 1854 hadi 1892, aliteswa na jongo na huzuni nzito, na majira ya baridi alikwenda Menton, Ufaransa, kupumzika. Kwa jinsi tunavyomnukuu, mtu angedhani hakuwahi kuchoka.

Nyumba ya kanisa nayo ina mtego wake: mchungaji anaishi humo miaka yote, siku ya kustaafu anakabidhi funguo na hana pa kwenda. Apatiwe kiwanja mapema, chenye karatasi zenye jina lake. Penye shamba, ekari moja ya mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huchukua miche kama 28. Chukueni miche bora iliyobebeshwa. Wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, watawaelekeza mbegu inayofaa eneo lenu. Ipandwe mchungaji akiwa na miaka 50, si 59, maana mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, ila mavuno ya kutegemewa huja baadaye. Na fedha ya salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga iwekwe kwenye bajeti, la sivyo mtakuwa mmempa mzee kivuli tu.

Jambo la pili ni ubatizo, ambao kwa mchungaji mzee ni habari ya imani na ya magoti pia. Maji yafike juu kidogo ya kiuno. Mbatizwa akunje mikono kifuani. Mchungaji asimame ubavuni, mkono mmoja ushike mikono ile, mwingine ukae katikati ya mabega, si shingoni. Mbatizwa afundishwe mapema kukunja magoti. Akiyakaza, uzito wote unaangukia kiuno cha mchungaji. Kwa mbatizwa mzito, shemasi asimame upande wa pili, na hilo halipunguzi chochote katika ubatizo.

Wanaobatiza baharini, Mikindani, Shangani au Lindi, waangalie mwezi kabla ya kutangaza tarehe. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alasiri na kupwa karibu saa nne asubuhi, saa ileile ibada inapotoka. Mtatembea kwenye tope kuyatafuta maji. Jumapili ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndiyo nzuri: maji hujaa katikati ya asubuhi na mkondo si mkali. Wakati wa kusi msichelewe, upepo hukaza mchana.

Newala na Tandahimba shida ni maji yenyewe. Kushuka mto Ruvuma kamati haikubali, mamba wapo. Birika la ubatizo la urefu wa mita 2.5, upana 1.5 na kina cha maji mita 1 linahitaji lita 3,750. Paa la bati la mita za mraba 100 hukinga takriban lita 800 kwa kila milimita 10 za mvua, ukitoa zinazopotea. Kwa hiyo milimita 47 zinatosha kulijaza. Pangeni ubatizo kati ya Januari na Aprili. Plasta hupasuka birika likiachwa kavu kiangazi chote, basi bakizeni maji kidogo na lifunikwe, watoto wasitumbukie. Mchanga wa ufukweni msiutumie. Chumvi yake hula nondo.

Kuhusu ndoa, nakumbusha tu: taarifa ya kusudio siku 21, leseni ya mfungishaji, na nakala zifike kwa msajili. Mchungaji anayekabidhi kanisa akabidhi na vitabu vya ndoa, kwa saini.

Limebaki la mstaafu kuendelea kuabudu kanisa lilelile. Kuwekewa mikono hakufutwi na kustaafu, bali kiti cha mwenyekiti wa mkutano wa washirika si chake tena. Watu wakiendelea kumpelekea misiba na magomvi, mchungaji mpya hawezi kazi. Kamati inapendekeza mstaafu aabudu kanisa jirani kwa miezi 6 ya kwanza, huku posho yake ya kuagwa ikiendelea. Najua wapo wasiopenda pendekezo hili, na baadhi ni wastaafu wenyewe, wasikilizwe kwanza.

Tutapigia kura mawili: mchango kutengwa Desemba, na miezi 6 ya mstaafu. Uamuzi wetu ni ushauri tu. Kila kanisa litaupeleka kwa washirika wake. Mashemasi ambao kanisa lao halina barua ya wito, chukueni nakala ya mfano kwa katibu kabla hamjaondoka.

Mwenyekiti