Wanazaa kwa hesabu

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja aliandika kwamba watu wa vijijini Kanda ya Ziwa "wanazaa bila hesabu", akapendekeza mwenye watoto zaidi ya wanne anyimwe mbolea ya ruzuku. Nimekuwa muuguzi mkunga miaka zaidi ya thelathini, mingi katika zahanati za huko huko anakokusema. Naomba nafasi nimjibu. Hesabu wanayo, ila yeye hajawahi kuliona daftari lao.

Tunapomwandikisha mjamzito kliniki tunamuuliza maswali mawili yanayofuatana: hii mimba ya ngapi, na watoto hai wangapi. Nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 1980, nilizoea kusikia "ya saba, hai wanne". Maana yake wawili wamezikwa. Mama alilitaja hilo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, huku amemgeukia aliye mgongoni anayelia. Surua, malaria, kuharisha. Mwanamke wa namna hiyo ukimwambia wanne wanatosha, anakutazama kama umemshauri auze mbegu za kupanda.

Mabadiliko niliyaona kwenye majibu hayo mawili kabla sijayasikia kwenye semina yoyote. Zikaja chanjo za uhakika, vyandarua, dawa mseto ya malaria. Pole pole nikaanza kuandika "ya nne, hai watatu". Hapo hakuna aliyezikwa. Na ni hao hao walioanza kubaki nyuma wenzao wakishaondoka, wakaniuliza kwa kunong'ona, "Nesi, kile kijiti cha kuzuia mimba kinauma?"

Takwimu za taifa zinasema nilichokuwa nakiona. Utafiti wa 1999 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hawakufikisha miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke nao ulishuka, lakini kutoka 5.6 hadi 4.8 tu. Vifo vilishuka mbio, uzazi ukafuata kwa kujikongoja, kwa sababu mama mkwe bado anahesabu kwa majibu ya enzi zake. Katika pengo hilo ndipo tulipoongezeka kutoka milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 mwaka 2022.

Jirani zetu Wakenya walitutangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto wanane. Mwaka 2022 ulikuwa 3.4. Lakini tazama ndani ya nchi hiyo moja: Nairobi 2.5, Mandera 7.7. Redio wanasikiliza ileile, serikali ni moja. Kilichotofautiana ni shule ya msichana, maji, hospitali, barabara. Na kati ya 1998 na 2003, wakati vifo vya watoto vilipogoma kushuka, wastani wa Kenya uligoma pia: 4.7 ukawa 4.9. Sidhani wanawake wa Kenya walipungukiwa akili kwa miaka mitano kisha ikawarudia.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa mishahara hulisahau. Mama yangu alizaa tisa, mimi nimezaa watatu. Si kwamba nilikuwa mwerevu kumzidi; nilikuwa na mafao yananisubiri. Mkulima wa pamba mafao yake ni mtoto atakayemtumia pesa kwenye simu siku mgongo ukikataa jembe. Na kama kuni ziko mbali na maji yako mbali zaidi, mtoto wa miaka minane ni mkono wa kazi. Mtu huyo ukimnyima mbolea utamfanya ahitaji mikono mingi zaidi.

Binti aliyefika kidato cha nne, hata kama hakufaulu, nimemwona mara nyingi anachelewa kuanza kuzaa na anajua kumjibu mama mkwe kwa adabu bila kumtii. Kwa hiyo uamuzi wa 2021 wa kuwaruhusu waliopata ujauzito warudi shuleni naona una uzito kuliko mabango yote ya uzazi wa mpango niliyowahi kuyabandika ukutani. Na niliyabandika mengi.

Msomaji wako kama ana hasira, namwomba aihamishe. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja binti wa miaka ishirini na minne, watoto wawili, mume yuko machimboni Geita. Bodaboda kuja na kurudi shilingi elfu nane. Vijiti vilikuwa vimetuishia tangu mwezi uliotangulia, nikamwambia arudi wiki ijayo. Alirudi, havijafika. Aliporudi tena ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, nami nikamuuliza maswali yangu yale mawili.

"Ya tatu," akasema. "Hai wawili."

Muuguzi mkunga mstaafu,
Mwanza