Nuru ameanguka, na nina ombi

Shoga yangu Fatma,

Salamu nyingi kutoka Nairobi. Sisi wazima, ila baridi ya Julai imetuingia hadi mifupani. Jua tunalisikia tu kwa watu wa pwani. Mpelekee Bi Zuhura shikamoo yangu. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na ile sauti yako ya kuuliza kiwanja cha Bi Rukia niliisikiliza mara mbili nisijibu. Nisamehe. Ya kiwanja nitayafikia. Leo nimekaa kuandika kwa sababu ya Nuru. Ameanguka kwenye farasi.

Usishtuke, mzima. Kiwiko kilichubuka, nyonga ikapiga weusi kama bilingani, na helmeti ilifanya kazi yake. Ni wiki kadhaa sasa. Lakini tangu siku ile silali vizuri, kwa sababu nikilirudia lile jambo kichwani naona mkono wangu ndani yake.

Unakumbuka yalivyoanza. Nilimpeleka kwenye maonyesho ya Jamhuri, tukasimama kando ya uwanja wakati farasi wanaruka vizuizi, na mtoto akanyamaza kabisa, yeye ambaye hanyamazi hata akila. Baada ya hapo kila Jumapili yenye mashindano ni twende Ngong Road, kwenye uwanja ule wa tangu 1954. Watu wengine wanaangalia nani kashinda. Nuru anaangalia farasi wanavyotembezwa kabla ya mbio, nani ana jasho shingoni, nani anarudisha masikio nyuma. Nikasema basi, huyu anataka kwa dhati. Nikaanza kuweka fedha pembeni. Somo moja la nusu saa linakula faida yangu ya siku nzima pale soko la Toi, siku nzuri.

Nguo nilizipata humo humo sokoni. Fatma, ungeona! Kwenye marobota ya watoto hutoka suruali za kubana zenye kiraka cha ngozi ndani ya goti, na wenzangu huzitupa kando wakidhani zimeharibika zikatiwa viraka. Ndizo za kupandia farasi. Nimempatia mbili, na buti zenye kisigino kidogo na soli isiyo na meno, ili mguu usikwame kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, akianguka. Helmeti tu ndiyo sikununua ya mtumba. Ile povu ngumu ya ndani ikishagonga mara moja imebonyea, hairudi, na kwa nje huwezi kuona kitu. Shemeji yangu alitaka kutupatia ya bodaboda. Nikakataa: ni nzito kwa shingo ya mtoto na haikutengenezwa kwa anguko la namna ile.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Kwa kuwa masomo ni ghali, nikaona nimsaidie nyumbani. Mkono wa kochi ukawa farasi, mshipi wa koti langu ukawa hatamu. Mimi niliyekulia kwenye punda nikajiona najua. Nikamwambia, "Bana magoti. Kaza miguu. Ukiogopa, vuta." Kila jioni, mwezi mzima. Bana, kaza, vuta. Mtoto mtiifu, akashika.

Pale tulipoanzia masomo (jina nitakwambia mdomoni) farasi mdogo wa watoto alikuwa anachechemea, wakampandisha kwenye farasi mkubwa aliyestaafu mbio. Kijana aliyemshika kamba akapigiwa simu, akaiachia. Upepo ukapeperusha karatasi ya nailoni kwenye ua, farasi akashtuka hatua mbili tatu, basi. Hapo bado hapakuwa na neno. Nuru akaogopa, akafanya kama nilivyomfundisha. Akabana miguu. Akavuta.

Farasi aliyetoka kwenye mbio amezoezwa kuegemea ile lijamu, chuma cha mdomoni. Mpandaji akivuta, naye anavuta, na kwake kuvuta ndiko kukimbia. Na miguu ikimkaza mbavuni anasikia neno moja tu: nenda. Mwanangu anambana kwa chini na kumvuta kwa juu, akidhani anamsimamisha. Akaondoka shoti. Nuru alikaa nusu ya uwanja, kisha nikaona nafasi kati yake na tandiko, kama kifuniko kinachoinuka kwenye sufuria, na baada ya hapo nikaona vumbi.

Yule kijana sitaacha kumlaumu, kamba ya mtoto haiachiwi. Lakini maneno aliyoyafuata mwanangu ni yangu.

Hatukurudi pale. Mama yake Baba Nuru akasema mtoto wa kike na farasi wapi na wapi, hebu nimpeleke madrasa ya jioni. Baba Nuru yuko Malaba na lori, anasema kwa simu, "Muulize mwenyewe." Nikamuuliza. Nuru akajibu, "Mama, yule farasi ana jeraha hapa," akagusa pembe ya mdomo wake, "nilimuumiza?" Fatma, niliingia chooni nikalia.

Sasa anafundishwa na Mzee Karanja. Amekuwa saisi, mtunza farasi, maisha yake yote, mikono yake imepinda kama ya wavuvi wa kwenu. Nikamweleza yote, hadi ya kochi. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, nyumbani fundisha mwili wa mtoto. Farasi niachie mimi." Masomo mawili ya kwanza hakumpandisha kabisa. Alimfundisha kumkaribia farasi kwa begani, kwa sababu anaona karibu pande zote ila mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Akamfundisha kuinua mguu na kuchokora udongo kwenye kwato bila kuichoma ile nyama ya pembetatu iliyo katikati. Kisha akamwambia aweke sikio tumboni mwa farasi. Nuru akalaza shavu kwenye ubavu ule mwekundu, macho kayafumba, akasema, "Kuna mtu anamimina maji kwenye mtungi." Mzee akafurahi. Tumbo la farasi likinyamaza, hapo ndipo saisi anatoka mbio kumwita daktari, maana farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kikakwama, kimekwama. Nilikaa juu ya debe nikiangalia, nikajiambia haya ndiyo yangekuwa ya kwanza, kabla ya kochi na kabla ya kila kitu.

Mazoezi ya nyumbani ametupatia machache. Anasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, visigino vinashuka chini ya kidato, anahesabu hadi thelathini. Ndivyo mguu unavyokaa kwenye kikuku. Kuna na kuinuka na kukaa kwa mdundo, kwa ajili ya troti, ule mwendo wa haraka ambao farasi anapiga mbili-mbili. Tunafanyia juu ya pipa lililolazwa na blanketi, na mimi napiga makofi. Jirani wa chini alilalamika, nikampelekea mahamri, yameisha.

Lakini la leso ndilo nataka nikusimulie, kwa kuwa wewe ndiye uliyenipa leso yenyewe, ile ya maua ya zambarau. Mzee alisema tuikunje iwe kama kamba, mimi nishike katikati kwa mikono miwili, nifumbe macho. Mimi ndiye farasi, mikono yangu ndiyo mdomo. Nuru yuko nyuma yangu na ncha mbili. Aniongoze sebuleni bila kusema neno.

Mara ya kwanza alivuta kama tulivyozoea. Nikashangaa: mikono yangu ilivuta kurudisha, yenyewe, kabla sijafikiri. Nikasimama. Nikamwambia ajaribu tena polepole. Akafunga kidole kimoja tu, kile cha pete, upande wa kushoto, nami nikajikuta nimeshageuka kuelekea dirishani. Sikuambiwa. Nilisikia leso imekuwa nzito kidogo, kama mtu anayekugusa bega kwenye umati. Tukafanya hadi maghrib. Halafu tukabadilishana, yeye akawa farasi, nami nikavuta kwa nguvu makusudi, akafungua macho akasema, "Ndivyo nilivyomfanya."

Nimekuwa nikifikiri juu ya jambo hilo kuliko biashara. Kwamba mwezi mzima nilimfundisha mtoto kushikilia, kumbe kitu chote kile ni... sijui nikiiteje. Kuwa na mkono unaosikiliza. Wewe utanielewa, umekulia na punda.

Sasa lililobaki, na hapo ndipo penye ombi. Akiwa chini, kando ya farasi, Nuru hana shida. Anamswaki, anamtembeza, anamtia hatamu peke yake. Akipanda tu mabega yanapanda masikioni. Mgongo wa yule farasi uko karibu futi tano kutoka ardhini, na mtoto mwenyewe wa miaka tisa ana kimo gani? Anaangalia chini, anakumbuka vumbi, miguu inabana. Mzee Karanja anamshika kamba ndefu, anazunguka naye kwa hatua za kawaida, haharakishi. Anasema dawa yake ni saa nyingi juu ya mnyama mfupi, bila tandiko, bila vikuku, hadi kiuno kijifunze kwenda na mnyama na mtoto asahau kwamba yuko juu. Saa nyingi mimi sina, Fatma. Nina nusu saa kwa wiki, na wakati wa mvua hata hiyo huliwa, maana usubi ukizidi farasi wanarudishwa bandani mapema jioni kwa kuogopa ule ugonjwa wao unaoua, na Nuru anatoka shule saa kumi.

Nilipokuwa napanga nguo Jumanne nikakumbuka punda wa kaka yako. Nikawakumbuka watoto wa kwenu wanaotoka kisimani juu ya mgongo mtupu, mkono mmoja una muwa. Hawakufundishwa na mtu, na hawaanguki. Wakianguka wanasimama wanacheka, kwa sababu ardhi iko pale pale karibu.

Kwa hiyo naomba Nuru aje kwako likizo ya Agosti, wiki mbili. Nimejaribu kuandika sentensi hii toka juu ya barua.

Sitaki punda apokonywe kazi yake. Najua wanabeba mchanga na simiti, na najua mnyama aliyebeba toka alfajiri hafai kupandwa jioni ili mtoto wa Nairobi ajifunze. Muulize kaka yako siku moja ya punda mmoja inamwingizia nini, nitailipa, na punda siku hiyo apumzike asubuhi. Nuru ana kilo 25, si mzigo mkubwa, lakini mzigo ni mzigo. Aanze kwa kumwogesha baharini na kumlisha, siku mbili za kwanza asipande. Na jambo moja nakusihi uwaambie vijana: wasimkalishe nyuma, kule juu ya mapaja ya punda wanakokaa wao. Najua ndiyo desturi yenu na inawafaa. Lakini yeye Mzee amemfundisha kukaa mbele zaidi, karibu na pale shingo inapoishia, na akirudi na mkao wa Lamu tutaanza upya. Fimbo asipewe. Ndiyo, hata akiomba.

Kiwanja cha Bi Rukia: ile karatasi ya hati tumeiona, majina yako sawa, mpaka wa upande wa msikiti ndio bado wanabishana. Kasimu anasema asubiri, asitie sahihi kitu. Mengine nitakupigia.

Sasa nijibu haya, na usinijibu kwa emoji. Yule punda mweupe, mpole, yupo bado, au aliuzwa? Wiki za mwanzo wa Agosti zinakufaa, au mna harusi? Bi Zuhura ataweza kelele za mtoto? Basi la Mombasa hadi Mokowe siku hizi linafika saa ngapi, na mashua za jioni za kuvuka bado zipo, au nimlaze Malindi kwa Mwanakombo? Kuna mtu unayemwamini anayesafiri tarehe zile, maana mimi nitaweza kumleta hadi Mombasa tu kisha nirudi dukani? Na wewe mguu wako vipi, ulikwenda kupiga picha au unaendelea kuusugua mafuta?

Nuru amesimama hapa nyuma yangu, visigino vikining'inia kwenye kizingiti cha mlango. Anauliza punda wenu wanapenda karoti, kwa sababu anataka kuja nazo, na kama kuna yeyote kati yao mwenye jeraha la mdomo.

Nasubiri.

Wako,
Mama Nuru